Fundi Kimya, Aliyetia Umeme Pikipiki za Mkoa Wetu

Marehemu tunayemsindikiza leo, aliyejulikana mkoa mzima kwa jina la Fundi Kimya ingawa hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alikuwa mtoto wa tatu wa mpishi wa bweni na mshonaji.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1979 katika injini za dizeli, akiwa wa kwanza darasani. Wapo wanaodai aliokoteza kazi mtaani. Cheti kipo ukutani karakanani kwake. Anayetaka na akakisome.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa fizikia, ambaye alikuwa amefika karakanani kulalamika kwamba gari la shule limetengenezwa ovyo. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, umesema kweli tupu. Ila gari hilo sikulitengeneza mimi." Walicheka siku hiyo, na kicheko hicho kilidumu nyumbani mwao.

Kwa miaka mingi marehemu alitibu injini kwa sikio. Aliegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akautaja ugonjwa kabla ya kufungua nati hata moja. Basi mwaka 2016, alipofunga mota ya umeme kwenye pikipiki yake kuukuu, ya kwanza mkoani, alifanya kosa la mtu wa injini. Hakusikia ngurumo, akadhani haijawaka, akazungusha mkono wa kuongeza mwendo hadi mwisho ili aisikie. Pikipiki iliruka naye, ikavuka uzio wa seremala jirani, ikamtua kwenye kitanda kipya.

"Fundi," seremala akauliza, "kitanda unakinunua, au ulikuwa unakijaribu tu?"

"Acha maneno, njoo uone!" marehemu akajibu, bado kalala pale pale. "Inakimbia, ndugu yangu! Inakimbia!"

Kufunga mota kulikuwa kazi nyepesi. Kuaminiwa ndiko kulikokuwa kugumu. Alikwisha kuuza mitambo yake ya injini na kuitegemeza karakana yote kwenye umeme. Waendesha pikipiki za abiria wakamcheka, wakasema mvua ikinyesha atakaanga watu. Wateja wa zamani nao wakaanza kumkimbia. Mwezi Aprili mwaka uliofuata, barabara ya sokoni ilipofurika, marehemu alitoa pikipiki yake, akamwita mkewe. Mama akapanda nyuma na mwavuli wake, kijiwe kizima cha madereva kikitazama.

"Mama, ukirushwa na umeme piga kelele tuje kukuokoa!" dereva mmoja akatania.

"Mkisikia kelele, ni kwa mwendo wa mzee wenu," mama akamjibu. "Betri nimeikagua mwenyewe."

Waliyakata maji hadi ng'ambo na kurudi, marehemu akipunga mkono kama aliyeshinda uchaguzi. Mwenyekiti wa kijiwe, aliyekuwa bingwa wa kejeli, ndiye aliyetangulia kusogea. "Mzee, yangu leo leo," akasema. Leo kila tarafa ya mkoa ina kibanda cha kubadilishia betri: dereva anaingia na iliyokwisha, anatoka na iliyojaa, chai yake haijapoa. Kila kibanda kilipofunguliwa, marehemu alishangilia kama aliyepata mjukuu.

Mwezi Juni mwaka 2024 aliugua. Uvumi ukazagaa kwamba betri zimemla mapafu, na baadhi ya madereva wakarudia petroli kwa hofu. Marehemu mwenyewe aliagiza yafuatayo yasomwe: "Utajeni ugonjwa kwa jina lake. Mkinyamaza, watazizika pikipiki pamoja nami." Ilikuwa saratani ya kongosho, na daktari wake alisema wazi kwamba haikutokana na kazi yake.

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 2 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Jioni iliyotangulia alikuwa akibishana na bintiye kuhusu lori la kwanza la umeme walilopanga kuliunda, na binti anakiri kwamba baba alishinda.

Ameacha mjane, binti ambaye sasa ndiye fundi mkuu, mwana ambaye ni mhasibu, wajukuu wanne na dada mmoja. Karakana itafunguliwa Jumatatu asubuhi. Waliorudia petroli wanakaribishwa. Hakuna atakayewauliza walikuwa wapi.

Mungu ampokee na kumpa pumziko jema.