Nywele Zisizojua Jina

Basi la Loresho lilipopita Westlands mwaka huo wa 2004, Philister, msusi wa Kenyatta Market, alikuwa ameshatega sikio. Mbele yake, mama mzee aliyejifunga kitambaa kichwani alikuwa akimlalamikia msichana wa chuo aliyeketi kando yake.

"Mjukuu wa kwanza alipewa jina langu, Hannah, na nywele zake ni nyeusi tu. Wa pili amepewa jina la mama ya mke wa kijana wangu, na ndiye amezaliwa na nywele nyeupe za kwetu, hapa juu ya paji. Hizo hufuata jina."

"Shosho, jeni haijui jina," msichana akamjibu bibi huyo. "Zamani mtu mmoja wa kwenu alizaliwa na jeni iliyonakiliwa vibaya, rangi ikakosa kufika hapo. Tangu hapo kila mtoto ni bahati, apate ama akose. Na haiumi."

"Bahati," shosho akarudia, kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Akatazama nje. "Hapa kote kulikuwa na mashamba ya kahawa. Wachumaji wote walifanana. Mimi, nikiwa mtoto, nilitafuta nywele nyeupe, nikafika kwa mama."

"Mbona zako umefunika?"

"Shuleni walinicheka."

Philister, aliyekuwa akipanga kumwuzia rangi nyeusi ya nywele, akafunga mkoba wake.

Basi likasimama. "Ni jina lilikosea njia," shosho akasema akishuka, huku akifungua kitambaa.

Basi lilipoondoka, Philister aligeuka. Stegi ya basi ilijaa watu, lakini alimwona shosho mara moja.