Dawa ya Moyo Mzito

Katika mashua ya kuvuka kutoka Mbita kwenda Rusinga, masika ya mwaka wa sitini na nne, niliketi nimekumbatia baiskeli yangu. Mbele yangu wanawake wawili wasiojuana walikuwa wakitibiana. Mgonjwa alikuwa Zilpah, aliyetumwa na mumewe aende kwa dada yake mwenyewe akachangamke. Tabibu alikuwa mama mnene mwenye furushi, ambaye hakuna aliyemwomba.

“Amka mapema ufagie uwanja,” alishauri. “Nimefagia mpaka kuku hawana pa kuchakura.” “Basi imba.” “Nimeimba nyimbo zote za kanisa, mama. Mume akauliza ni nani amekufa.” Nilitazama maji nisije nikacheka.

“Shika jembe, basi. Udongo huondoa huzuni.”

“Nishike jembe vipi? Mimi ni mke wa pili. Mvua ina wiki tatu, majirani wanapalilia, na mimi siruhusiwi kutia hata mbegu moja kabla mke mkubwa hajapanda. Yeye amenuna, ameenda kwao, na hasemi atarudi lini. Hiyo ndiyo huzuni yangu. Haifagiliki.”

“Pole,” mama alisema, akawaza kidogo. Kuwaza hakukumsaidia. “Mimi moyo ukinilemea naacha yote, naenda kwetu nikakae na mama yangu. Ndiko naenda sasa. Mwezi mmoja tu, narudi mwepesi.”

Zilpah akamgeukia polepole. “Na wewe kwako ni mke wa ngapi?”

“Wa kwanza,” mama alijibu, akaanza kukaza fundo la furushi lililokuwa limekazwa tayari. Mashua ikagusa mchanga.