Karatasi ya M'Cirhuza

Je, kama ni watu wawili? Ndugu zangu, swali hilo lilininyima usingizi wiki tatu. Nawasalimu katika Bwana, yeye anayemjua kila mmoja wetu kwa jina lake wala hatuchanganyi. Asifiwe!

Wengi mnaniona kwenye kwaya, hamjui kazi yangu. Niko kwenye chumba cha dosie za hospitali, yaani mafaili ya wagonjwa. Mgonjwa akitoka, nasoma alichoandika daktari, naupa kila ugonjwa msimbo wake wa herufi na namba, kisha naingiza jina la mgonjwa kwenye orodha ili akirudi dosie yake ipatikane. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikapokelewa kwa miezi mitatu ya majaribio. Papa Bahati, mkuu wetu, alituagiza tuwatafute wagonjwa wenye dosie mbili, tuziunganishe.

Nikapata mbili za M'Cirhuza. Kijiji kimoja, Lwiro. Nyumba moja ya kufikia, Nyawera. Mwaka wa kuzaliwa ni wa kukadiria, na ulikuwa uleule. Nikahamishia misimbo ya dosie ya zamani kwenye mpya, nikaifunga ya zamani kwa kamba na kuipeleka stoo. Papa Bahati akanisifu mbele ya wote.

Lakini ndani ya ile ya zamani nilikuwa nimeona karatasi ya wino mwekundu: penisilini nusura imuue. Na ndani ya ile mpya, mwaka jana tu, daktari alimpa dawa ya jamii hiyohiyo, akapona vizuri. Nilijiambia kwamba aliyeandika kwa wino mwekundu alikosea. Karatasi ikaenda stoo pamoja na dosie yake. Ndugu zangu, mimi ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi! Najua kwetu mwanamke huitwa kwa jina la baba yake, na mabinti wote wa Cirhuza ni M'Cirhuza. Nilijua, na bado niliunganisha, kwa sababu nilitaka orodha iwe safi.

Nikafunga na kuomba. Nilimwomba Mungu ishara, kisha kila ishara nikaitilia shaka. Nikisema, mkataba wangu wa kazi hautatiwa sahihi. Nisiposema, labda hakuna kosa lolote. Stoo ilikuwa hatua ishirini kutoka mezani pangu, sikuenda kutazama. Nyumbani maman, mama yangu, aliniona nikiligeuzageuza tonge, akacheka: "Weye! Hata bugali unauliza kama imeiva, na umeisha kuikula!"

Alhamisi asubuhi akaja muuguzi wa upasuaji.

"Dosie ya M'Cirhuza. Anaingia bloc ya upasuaji saa ine."

Nikaitoa ile mpya, nikasimama nayo.

"Eh, Université! Unanipa dosie ao unasali?"

"Nasali," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza sikuomba ishara. Niliomba miguu.

Mungu akanipa! Nilikwenda stoo, nikafungua kamba, nikachukua ile karatasi na kumfuata muuguzi hadi wodini. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, kitenge amejifunga hadi kifuani. Nikamwuliza kama penisilini iliwahi kumdhuru.

"Ile dawa? Ilitaka kuniua, mutoto yangu! Nilivimba macho, siku mbili sikuona mutu."

"Na mwaka jana, maman, si ulipewa tena?"

"Miye? Aa! Ule ni dada yangu wa Kamituga. Ba M'Cirhuza tuko batano!"

Alicheka. Muuguzi hakucheka. Sindano ilikuwa tayari kwenye sahani, dawa ya kuzuia usaha, ya jamii ya penisilini. Aliisoma karatasi, akaibeba sahani, akaenda kubadilisha. Najua daktari wa usingizi naye huuliza swali hilo. Najua pia kwamba mtu anayengojea kisu husahau mengi. Nimelifikiria hilo mara nyingi na sijafika mwisho wake.

Mama yule alipasuliwa salama. Jana nilimwona ameketi, anakunywa uji. Sifa ni za Bwana, si zangu, maana mimi ndiye niliyeificha ile karatasi! Ndugu yangu unayekesha ukiomba ishara, mtumaini Mungu, kisha inuka ukatazame pale unapoogopa kutazama. Atakuwa amefika huko kabla yako.

Ijumaa Papa Bahati aliniita. Mkataba ulikuwa mezani. "Tia sahihi, binti, tuendelee na kazi." Nilimwomba karatasi tupu. Nikaandika nilivyounganisha dosie mbili, nilichosoma kwa wino mwekundu, na wiki tatu nilizonyamaza. Chini, mahali pa sahihi, niliandika majina yangu yote, la ubatizo, langu na la baba, asije mtu akanichanganya na mwingine. Nikaiweka juu ya mkataba, nikarudi kwenye orodha kuwatafuta akina M'Cirhuza watatu waliobaki.