Oili ya Kwanza

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha Kisigino, fundi viatu, kwenye kivuli cha ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa mwaka wa tatu huu. Benchi lina miguu minne, na mmoja wake ni tofali. Kisigino hushona huku akisikiliza, na akisikia jambo la kumkera hupigilia msumari kwa nguvu kuliko kiatu kinavyohitaji. Pembeni yake hukaa Jaji, aliyekuwa tarishi mahakamani miaka ishirini na miwili. Hakuwahi kuhukumu hata kuku, lakini alibeba mafaili kwapani siku nyingi kiasi kwamba sheria, anavyodai yeye, ilimwingia kwa njia hiyo. Anayetumiminia kahawa ni Redio, na jina lake linajieleza. Mimi ni mpeleka mikate. Wao huniita Mtakatifu kwa sababu sikosi ibada na siapi ovyo. Kwa haya nitakayosimulia, mtaona kwamba jina hilo nimevishwa tu.

Nilinunua pikipiki mpya baada ya miaka kumi na mmoja ya kupeleka mikate kwa baiskeli. Ilipopita kilomita mia tano, ikafika siku ya matengenezo yake ya kwanza: kumwaga oili, kutia nyingine, kukaza mnyororo na kukagua nati. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana gereji, na tangu mwanzo alisema kazi hiyo ataifanya yeye bila malipo. Sikumpelekea. Mke wangu nilimwambia naipeleka kwa mdogo wake. Shemeji nilimwambia nina mzigo wa mikate wa mbali. Huo ni uongo mara mbili kabla jua halijachomoza vizuri, na nilikuwa nimetoka kusali.

Sababu ilikuwa hii. Nilipoinunua sikujua kuendesha, kwa hiyo shemeji ndiye aliyeitoa dukani, ikalala gerejini kwake siku mbili kabla ya kunifikia. Tangu wanakijiwe walipojua habari ya hizo siku mbili, hawakuniacha nipumue, kila siku wakisema gerejini hakilali kitu kikaamka kizima. Basi Jumamosi ile nikaisukuma hadi kwenye benchi, nikaiacha ingurume kidogo ili oili ipate moto, nikaizima, nikaweka karai chini yake na kufungua boliti.

Oili ikashuka. Jua likaipiga. Ikang'aa.

Kisigino: Subiri. Hiyo ni oili au rangi ya kucha?

Mimi: Inametameta.

Redio: Inametameta? Hebu nipishe. Ebwana ee! Kuna unga wa chuma humu.

Jaji: Asiguse mtu karai! Hicho ni kielelezo namba moja.

Mimi: Jaji, hilo ni karai la mke wangu la kufulia.

Jaji: Lilikuwa. Sasa ni mali ya mahakama.

Redio akapekua kikapu chake cha vikombe, akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaizamisha karaini kwa uzi. Alipoitoa ilikuwa imeota ndevu, nyeusi na fupi, zimesimama wima.

Redio: Mnaona? Mnaona wenyewe?

Kisigino: Sikilizeni niwaambie. Mimi pikipiki yangu naendesha mwaka wa tisa. Kila nikimwaga oili inatoka nyeusi tii, kama kahawa ya huyu hapa.

Redio: Kahawa yangu usiihusishe.

Kisigino: Haijawahi kung'aa hata siku moja. Ikimeta, maana yake ndani kuna chuma kinachoisha. Na chuma kipya hakiishi, kinachoisha ni kikuukuu. Mtakatifu, ndugu yangu, umefunguliwa matumbo. Mtu katoa vyuma vipya, kakuwekea vya zamani.

Mimi: Nani?

Kisigino alipigilia msumari mmoja tu, mdogo, kwa nguvu ya misumari minne.

Redio: Matumbo peke yake? Kisigino anakuhurumia. Injini nzima imehamishwa! Kuna mteja wangu mmoja, simtaji, aliona kwa macho yake jamaa wakibadilisha injini kwa muda wa chungu cha maharage kuiva. Sasa hivi injini yako iko mjini huko, chini ya mtu mwingine, inalea watoto wasio wako.

Mimi: Namba ya injini nimeitazama. Ni ileile ya kwenye kadi.

Redio: Namba! Nipe nyundo ya Kisigino nikugongee namba unayoitaka, hata ya tarehe yako ya kuzaliwa.

Jaji alikuwa amekunja mguu mmoja juu ya mwingine na kufumba macho, ishara kwamba baraza limeanza.

Jaji: Pikipiki ilikaa na mtuhumiwa siku ngapi?

Mimi: Mbili.

Jaji: Alikueleza alikuwa akiifanya nini?

Mimi: Alisema anaikagua. Anakaza nati.

Jaji: Anakagua nini, nayo ni mpya?

Nikaokota boliti, nikaifuta.

Jaji: Iandikwe kwamba mtuhumiwa alikagua kitu kipya.

Kisigino: Hakuna anayeandika, mzee.

Jaji: Andikeni moyoni.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nakiri mbele ya Mungu kwamba hakuna aliyenisukuma. Nilitamani tu kuona macho ya Jaji yakifunguka.

Mimi: Na pale gerejini kwake kuna pikipiki nyingine kama hii. Rangi ileile. Ni ya kwake.

Macho ya Jaji yakafunguka. Redio akaweka birika chini, jambo ambalo hafanyi hata akipita mgonjwa anayebebwa.

Redio: Na unakaa nalo neno kama hilo moyoni, mtu mzima wewe!

Kisigino: Basi kesi imekwisha. Vyuma vyako viko kwenye ile ya kwake.

Jaji: Haijakwisha. Ninyi mnaona wizi tu. Mtakatifu, una miaka mingapi kwenye ndoa?

Mimi: Kumi na tisa.

Jaji: Na huyo shemeji, alikukubali mwaka gani?

Mimi: Tunaheshimiana.

Jaji: Sikukuuliza heshima.

Nikanywa kahawa. Ilikuwa ya moto mno, nikaungua ulimi.

Jaji: Haya, sikiliza. Huu unga wa chuma hautoki kwenye injini. Umetiwa. Kautia kwa mkono wake, kijiko hata vijiko viwili. Injini ife polepole. Mikate ichelewe. Wenye maduka wakukimbie mmoja mmoja. Ndani ya mwaka dada yake akuone mume asiyeweza hata kufikisha mkate, arudi kwao. Huyo hakutaka pikipiki. Anamtaka dada yake!

Kisigino alitikisa kichwa polepole, uzi ukimning'inia mdomoni.

Mwenye akili angecheka. Mimi neno lile lilinichoma, na ukweli ni kwamba lilipata mahali palipokuwa na kidonda tayari. Nyumbani kwetu hazipiti siku mbili bila kusikia kwa mke wangu: mdogo wangu kafanya hivi, mdogo wangu kajenga vile, mdogo wangu anajituma. Mke wangu hasemi kwa ubaya. Lakini mimi ndiye ninayekula chakula huku nikisikia, na kwa miezi nilikuwa nimeuita uchungu ule uchovu wa kazi. Ulikuwa wivu. Nilimtafutia shemeji kosa, na karai likanipa.

Redio: Mpelekee ujumbe. Wa sauti. Maandishi mtu hukana.

Kisigino: Sasa hivi, kabla hajaficha.

Nikashika simu. Mkono wangu ulikuwa na oili, kioo kikateleza, nikakifuta kwenye suruali. Nikasema maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema ili nisijipunguzie:

“Shemeji, nimemwaga oili mwenyewe na nimeona ulichokifanya. Wewe ni mwizi. Umeniibia mimi na umemwibia dada yako. Vyuma vyangu nivipate leo, la sivyo usikanyage tena nyumbani kwangu.”

Nikautuma. Redio akanijazia kikombe bila kunidai. Jaji akasema sauti yangu ilikuwa na uzito wa kisheria. Nilijisikia mwanamume kwa muda wa kikombe kimoja.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hatukumjua, mshonaji, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni. Ukanda wa kiatu chake ulikuwa umekatika.

Mshonaji: Hamjambo hapa? Fundi, niokoe, nimekuja nakivuta tangu kule kona.

Kisigino: Karibu, mama. Keti, si cha kuchelewa.

Akaketi, mguu mtupu juu ya ule wenye kiatu. Kitabu cha pikipiki nilikuwa nimekiacha pale benchini. Akakichukua akawa anajipepea, huku Redio akimhadithia habari zote, siku mbili, sumaku, vijiko vya Jaji na ujumbe wa sauti. Mama akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaacha kujipepea, akafungua kile kitabu.

Mshonaji: Baba, hiki ni cha pikipiki hii?

Mimi: Ndiyo, mama.

Mshonaji: Naona hapa oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita mia tano.

Mimi: Ndiyo.

Mshonaji: Halafu inayofuata kilomita elfu mbili. Na nyingine elfu mbili tena. Ni hivyo hadi mwisho wa ukurasa.

Mimi: Ndivyo kilivyo.

Mshonaji: Oili ni ya aina ileile?

Mimi: Ileile.

Mshonaji: Na injini ni hiyohiyo moja?

Redio akakohoa.

Mshonaji: Mimi si mtu wa mashine hizi, nauliza tu. Hiyo ya kwanza kwa nini waliotengeneza wanataka itoke haraka hivyo? Kuna nini ndani yake wasichotaka kikae?

Tukaangalia karai, wote wanne. Ule unga ulikuwa umeanza kutulia chini, laini, kama unga wa ngano unaobaki mezani mikate ikishaondoka.

Jaji akashusha mguu aliokuwa ameukunja.

Mimi: Kisigino, ya kwako ya kwanza ilitokaje?

Kisigino: Ya kwanza ipi? Mimi niliinunua kwa mtu wa nne. Aliyeiona ya kwanza sijui kama bado yu hai.

Mimi: Jaji?

Jaji: Mimi nilikuwa napewa gari la ofisi.

Redio: Ulikuwa unadandia.

Mimi: Na wewe Redio?

Redio: Mimi na birika langu tunatembea kwa miguu, unajua.

Mshonaji: Cherehani changu kilipokuwa kipya kilinichafulia mashuka ya watu wiki nzima. Weusi mtupu, fundi akasema ni vyuma vipya vinasuguana. Nikawa nafuta, nafuta, kisha kikaacha chenyewe.

Alisema hivyo bila kumcheka mtu, akanirudishia kitabu mkononi, ukurasa ukiwa wazi. Ukurasa huo nilikuwa nimeusoma asubuhi. Nilisoma namba za spana na kiasi cha oili, nikasoma kila nilichokihitaji ili nisimhitaji shemeji.

Nikachukua simu kuufuta ule ujumbe. Ulikuwa umeshasikilizwa.

Hata sijaiweka chini, ikaita. Jina lake likawaka kwenye kioo, na benchi lote likaliona. Redio akakumbuka wateja wa kituo cha mabasi. Jaji akasema baraza limeahirishwa, akavuka barabara bila kuangalia upande wowote. Kisigino hakuwa na pa kukimbilia maana kibanda ni chake, kwa hiyo akainamia kiatu cha yule mama kama mtu anayesoma sala.

Nikapokea.

Shemeji: Nimekusikia, shemeji.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Shemeji: Nani amekutia maneno hayo?

Majina yote matatu yalinijia kwenye ncha ya ulimi. Nikayameza.

Mimi: Hakuna mtu. Ni yangu. Nimekusingizia, shemeji, na ile safari ya mikate haikuwepo, nilikudanganya. Nakuomba msamaha. Unga wa chuma nimeuona kwenye oili, nikataka uwe kosa lako.

Kwa upande wake nilisikia mtu akigonga bati, kisha akaacha kugonga, kama aliyeambiwa anyamaze.

Shemeji: Mimi nimesikia. Nitakaa nalo, tutaongea. Lakini kuna jambo lingine. Dada yuko hapa.

Mimi: Dada yupi?

Shemeji: Mkeo. Alikuja kuangalia kama pikipiki imekwisha, si ulimwambia iko kwangu? Nikawa namwambia sijaiona, na hapohapo ujumbe wako ukaingia. Mikono yangu ilikuwa na grisi. Aliufungua yeye.

Nikakaa chini, palepale kwenye mchanga, kando ya karai.

Mimi: Mpe simu.

Shemeji: Hataki simu. Ameniuliza kijiwe chenu kiko wapi, na ameshatoka.

Akakata.

Mama mshonaji akavaa kiatu chake, akamlipa Kisigino, akaniangalia kidogo, akaondoka zake. Kisigino akaninong'oneza kwamba uchochoro wa nyuma ya ukuta unatokea mpaka sokoni, na pikipiki inapita. Nikamwambia hapana. Nikafunga boliti, nikatia oili mpya mpaka kwenye mstari, taratibu, nisimwage hata tone. Kisha nikajifuta mikono, nikakaa kwenye benchi, nikaangalia upande wa barabara atakakotokea.