Barua Iliyo Katika Faili la Simeon Bichage

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Simeon Bichage anavua ovaroli baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji yetu ya malori ya miwa hapa Awendo. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, lakini nina hasira.

Alitoka Kuria mwaka 1994 na spana tatu, akawafunza makanika tisa. Injini aliisikiliza kwa kiganja. Madereva humtania kwamba asubuhi husalimia malori kabla ya mkewe Monicah, na Monicah mwenyewe habishi.

Kila pistoni inapopiga, krankshafti, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, hujipinda kidogo kama nguo inayokamuliwa, kisha hujirudi. Mbele yake hukaa pulii yenye pete nzito iliyoshikwa kwa mpira, na pete hiyo ndiyo humeza mtetemo. Bichage alipaka mstari mweupe kuvuka pete hadi katikati ya pulii. Mstari ukiachana, mpira umekwisha, na lori halitoki.

Mwaka 2019 mstari wa lori la dereva wetu Levis uliachana. Miwa ilikuwa imerundikana mashambani, kwa hiyo mkuu wa gereji akaamuru pete ichomelewe isicheze tena. Bichage akamwambia mbele yetu sote, "Bosi, hii ringi kucheza ndio kazi yake. Ukiifunga, krankshafti ndio itabeba hiyo maneno yote." Akaambiwa aache uzee. Siku ya tisa krankshafti ilikatika vipande viwili kwenye mlima wa Rongo, na lori likarudi nyuma hadi mtaroni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye asiyesikia, na guu lililovunjika ni la Levis.

Barua ya onyo akapewa nani? Bichage! Eti uzembe katika ukaguzi. Imo failini hadi leo, na imemnyima ufomeni mara mbili. Leo wakubwa walewale wanamwagizia keki. Hawaoni haya!

Bichage alimjua aliyechomelea pete ile, lakini hakumtaja. Alisema mtu huyo ana watoto wachanga.

Mzee wetu, asante kwa kila lori lililofika salama. Mungu akupe afya, na shamba lako likuzalie. Nanyi wakubwa, itoeni barua ile kabla hajavuka lango, muiweke katika faili langu. Aliyechomelea ni mimi, Zablon Omondi.