Bismillahi Iliyochubuliwa

Gari la Kilindoni lilikuwa limeshapita Kirongwe pale binti wa kiti cha mbele alipoipigia simu yake kelele: "Yametoka! Wallahi yametoka!"

Mzee aliyekaa naye akachungulia. "Nini hicho, mwanangu?"

"Bango la maulidi, babu, nakwenda kulichapisha. Maandishi ya kizamani, kama ya maduka ya enzi zenu. Tazama: rangi ya chungwa, kivuli nyuma, halafu nayachubua kidogo yaonekane yamepigwa jua."

"Mashaallah, yamenoga! Lakini mbona na Bismillahi umeichubua?"

"Ndiyo mtindo wenyewe."

"Jina la Mungu haliparuzwi, binti weye!"

"Halijaparuzwa, babu, limezeeka tu!"

"Linazeeka, lile?"

Nyuma yao Bi Biubwa, ambaye tangu afiwe na mumewe hakuwa mtu wa kudakia maneno garini, alinyoosha shingo. Moyo wake ulikuwa upande wa mzee, macho yake kwenye simu ya binti. Astaghfirullah, maandishi yalipendeza!

Gari likasimama penye duka la kuchapisha. Wakashuka wakibishana, simu ikipokonywa huku na huku. Bi Biubwa alikuwa wa kushukia sokoni, mbele kabisa. Akakusanya baibui lake, akashuka nyuma yao.