Ziada Suleiman, Fundi Baiskeli wa Tingi, Aliyeomba Aitwe kwa Jina Lake

Anayetoka leo ndani ya nyumba hii ni Ziada binti Suleiman. Aliyekuja kumzika mtu mwingine, naye akae asikilize.

Marehemu alizaliwa Kiswere tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa pili wa mzee Suleiman Bakari na Bi Sada. Alisoma hapohapo Kiswere, akamaliza darasa la saba mwaka 1991. Chuoni alikhitimu Kurani kabla ya kaka yake.

Mwaka 1998 aliolewa na Hussen, fundi baiskeli wa hapa Tingi. Mwaka 2001 walimpata Idd, mtoto wao wa pekee, na kama ilivyo desturi yetu, siku hiyohiyo akawa Mama Idd. Alilipenda jina hilo. Mei 2006 Idd akafa kwa malaria, ana miaka mitano. Arobaini ilipopita, marehemu aliwakusanya majirani barazani.

"Jamani, mwanangu tumeshamzika. Kila mkiniita vile mnamfukua. Nawaomba mniite Ziada."

Bi Adija wa nyumba ya pili akamjibu, "Tukutaje jina kavu, kama mtoto wa jana? Jina la mwanao ndiyo heshima yako, shoga."

Wakaendelea nalo. Miaka kumi na tisa, sokoni, kisimani, harusini. Heshima gani inayomliza anayepewa? Na machozi yake waliyaona.

Hussen alipofariki mwaka 2012, marehemu alishika kibanda chake, akaziba pancha na kunyoosha rimu zilizopindwa na magunia ya korosho. Mtu akisema, "Mama Idd, nitilie upepo," yeye anaendelea na kazi, kama kapitiwa na nzi. Akisema, "Fundi," anaitikiwa, "Naam, karibu." Mwenyewe hakumkosea mtu. Kila mteja mgeni, marehemu alimuuliza kwanza, "Wewe unapenda uitwe nani?" Mzee mmoja alitaka aitwe Kapteni, na chombo amepanda mara mbili tu, zote akitapika. Kila asubuhi marehemu alimwamkia, "Shikamoo, Kapteni," wala hakucheka. Mwalimu Stefania hakutaka umadamu, akaitwa dada. Ilimgharimu nini?

Tarehe 7 Juni 2025 alishikwa na nimonia, akapelekwa hospitali kwa bodaboda pamoja na Mwanahija, binti wa kaka yake, ambaye marehemu ndiye aliyemlea. Jumatatu jioni majirani saba wakafika na chupa ya uji. Mlangoni wakamuulizia Mama Idd. Muuguzi akatazama daftari, hayupo. Akaita wodini kwa sauti, "Kuna Mama Idd humu?" Kimya.

"Jina lake hasa nani?" akawauliza.

"Mtu mzima yule, mwanangu," akasema Bi Adija, "hatajwi jina ovyo."

Wakaamua kwamba kahamishiwa Lindi. Wakarudi Tingi na uji wao.

Mwanahija alikuwa ametumwa dawa. Aliporudi, mgonjwa wa kitanda cha pili akamsimulia yote.

"Shangazi, mbona hukuitika?"

"Hawakuniita mimi."

Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Alifariki leo Jumanne, tarehe 10 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Tangu asubuhi inasemwa hapa uani kwamba marehemu alikuwa na kiburi. Kiburi wanacho waliobeba uji kwenda na kurudi, kuliko kutamka herufi tano. Na tangazo la msiba lilipotoka, lilitoka na jina lilelile. Hata maiti hamkumwonea haya.

Ameacha mama yake, Bi Sada. Kaka yake, Nurdin. Na Mwanahija, ambaye kesho kutwa atafungua kibanda.

Mwalimu atakayesoma talqini, akimwita maiti kaburini kwa jina lake na la mama yake, ameshaandikiwa kwenye karatasi: Ziada binti Sada. Asiende mtu kumnong'oneza jingine. Ambaye ulimi wake hauwezi, udongo wa kumfukia upo wa kutosha, atupe, anyamaze.

Mwenyezi Mungu ampe Ziada mapumziko ambayo sisi tulimnyima.